Mbwa wa kizungu, mbwa wa kienyeji au paka: yupi ataiweza nyumba yako?

Mwezi wa tatu, saa nne usiku, shemeji yangu wa Kibaha alinitumia picha kwa WhatsApp. Mtoto wa mbwa, mweusi mgongoni na kahawia miguuni, masikio bado yamelala, amekalishwa ndani ya boksi la mafuta ya kupikia. Chini yake ujumbe: "Shem, German halisi huyu, laki nne. Anasema nisipomchukua leo kuna mtu anamgoja. Nichukue?"

Nikamuuliza: nyumbani mnatoka saa ngapi? Nani anarudi wa kwanza? Ule ukuta wa nyuma umeshaisha?

"Shem, mimi nakuuliza mbwa, wewe unaniuliza ukuta!"

Tukacheka, lakini picha ile ilinikaa kichwani, maana hata mimi niliwahi kutuma picha kama hiyo. Nitafika huko. Kwanza niieleze nyumba yake, kwa sababu inafanana na nyumba nyingi za Kibaha, Goba, hata Kitengela kule Kenya. Yeye ni mwalimu, anatoka saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mumewe anaendesha semi-trela ya Tunduma: wiki mbili hayupo, siku nne yupo. Watoto wawili, wa miaka minne na wa miaka tisa. Dada wa kazi anamwogopa mbwa kama anavyomwogopa simba. Ukuta wa tofali upo pande tatu, upande wa nne ni michongoma yenye upenyo ambao kuku wa jirani wanaujua kuliko wenye nyumba. Walishaibiwa mara moja, mtungi wa gesi na pasi, ndipo mazungumzo ya mbwa yakaanza.

Nyumba ya namna hii ina njia nne: mbwa wa kizungu, mbwa wa kienyeji, paka, au kutofuga kabisa kwa sasa. Watu wengi huilinganisha sura ya mnyama na sura ya mnyama mwenzake. Mimi naanza na saa za siku, na nani yuko nyumbani katika saa hizo.

Kazi waliyozaliwa nayo

German Shepherd aliandikishwa Ujerumani mwaka 1899, pale ofisa wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, alipomnunua mbwa wa wachungaji, akambadili jina akamwita Horand von Grafrath, na kumweka wa kwanza katika daftari la aina hiyo. Kazi ya mbwa hao ilikuwa kukimbia kutwa pembeni mwa kondoo ili wasiingie kwenye mazao. Polisi na majeshi wakampenda baadaye kwa sababu hizohizo: hachoki upesi, na anapenda kuelekezwa. Dume hufika kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Ni mnyama mwenye akili nyingi anayesubiri kupewa kazi.

Sasa mchukue huyo umfungie kwenye banda la mbao la futi sita kwa nne tangu alfajiri hadi saa nne usiku. Mtaani kwetu Goba yupo mmoja. Nikipita asubuhi kwenda kituoni namsikia kabla sijamwona, makucha yakikwaruza sakafu ya saruji: anazunguka kushoto, kushoto, kushoto tena. Ncha ya mkia haina manyoya, ameitafuna mwenyewe. Usiku wakimfungua anaibwekea bodaboda, anaubwekea upepo, anambwekea mwenye nyumba. Mwaka jana waliiba betri ya gari kwenye nyumba hiyohiyo huku mbwa anabweka, na hakuna aliyeamka, kwa kuwa alikuwa anabweka tangu saa tano. Watu wa mtaa walisema mbwa hana faida. Mbwa yule hajawahi kufundishwa nani ni mgeni na nani ni mwizi. Angejulia wapi, ndani ya boksi?

Mbwa wa kienyeji hana daftari la Ulaya. Ana kilo 12 hadi 20 hivi, manyoya mafupi, miguu mikavu, rangi yoyote ile, mara nyingi ya mchanga. Amechujwa na jua, njaa, magonjwa na mawe ya watoto kwa vizazi vingi. Tunamwita mbwa koko, na hapo tunachanganya mambo mawili. Ukoko ni maisha ya kutokuwa na mwenyewe; hata Rottweiler aliyetupwa barabarani ni koko. Wala si kweli kwamba wote ni masalia ya mbwa wa kizungu waliochanganyika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009, uliopima mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, uliwakuta wa Uganda wakiwa na asili ya Kiafrika hasa. Yaani yule anayelala chini ya meza ya muuza chipsi ana ukoo mrefu, ila hakuna aliyemwandikia cheti.

Katika ulinzi, kila mmoja ana lake. German Shepherd humzuia mwizi kwa sura: masikio yakionekana juu ya geti, wengi wanageuza njia. Hilo nampa bila ubishi. Mbwa wa kienyeji hatishi kwa umbo, lakini ni mwepesi wa kusikia, na aliyezoeshwa vizuri hupiga kelele pale tu kuna jambo. Kwa nyumba ambayo baba hayupo wiki mbili na mama hana muda wa kumfundisha mnyama wa kilo 35, naona kelele za kweli zina thamani kuliko sura. Mwenye muda wa saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku, mvua isipokuwa ya kuangusha nyumba, German Shepherd atampa raha ambayo wengine hawataijua.

Kuhusu Rottweiler, Boerboel na jamaa zao, neno langu ni fupi: asiwe mbwa wako wa kwanza. Dume la Rottweiler linaweza kufika kilo 60, uzito wa mtu mzima, na kosa la malezi kwa mnyama wa uzito huo analilipa mtoto wa jirani.

Vijibwa vyeupe vya manyoya, Japanese Spitz na Maltese, vinapendeza kwenye picha na vinabweka kwelikweli. Vinataka kuchanwa nywele mara kwa mara na kulala ndani. Joto la Dar la Januari linavionea. Nairobi na Arusha vinakaa kwa amani zaidi.

Na kwa wasomaji wa Kongo, msinisahaulishe Basenji, mbwa wa misitu yenu ambaye Wazungu walianza kumzalisha Uingereza miaka ya 1930. Habweki kama wenzake. Hutoa sauti kama mtu anayeimba akiwa na mafua. Kwa mlinzi wa usiku hilo ni tatizo.

Laki tatu zangu

Mwaka 2016 nilimnunua Simba kando ya barabara, kwa laki tatu. German Shepherd, wiki nane, chanjo zote, kitabu hiki hapa. Muuzaji alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na furaha. Siku ya tatu akakataa kula. Siku ya nne akaanza kuhara damu, yenye harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo nimemfunga kwenye khanga ya mama.

Daktari hakuanza na mbwa. Alichukua kitabu, akakifungua, akauliza: "Stika ziko wapi?" Kila chupa ya chanjo huwa na karatasi ndogo yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda; daktari huibandua na kuibandika kwenye kitabu, kisha anaweka tarehe, sahihi na muhuri. Changu kilikuwa na maandishi ya peni tu, mistari mitatu yenye mwandiko mmoja na wino mmoja, kana kwamba chanjo za wiki tofauti zilitolewa kwa mkupuo. Ndipo akamfungua Simba mdomo. Mtoto wa mbwa wa wiki nane anatakiwa awe karibu amemaliza meno yote 28 ya utoto. Simba, magego ya nyuma yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza. "Huyu ni wa wiki tano, mzee. Alikuwa bado ananyonya."

Ilikuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Alikufa siku ya sita, saa tisa usiku, jikoni.

Kwa hiyo ukilinganisha bei, linganisha na ulichopewa. Mwenye mbwa wa maana atakuonyesha mama akiwa hapohapo na watoto, na baba ikiwezekana. Kwa German Shepherd mtazame mama anavyotembea: aina hii ina ugonjwa wa kurithi wa nyonga, na mzazi anayeburuta miguu ya nyuma au anayeinuka kwa shida ni sababu tosha ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Watoto wasiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndipo mbwa anapojifunza dunia ni nini: watoto wa watu, baiskeli, mwavuli, kofia ya bodaboda, adhana, radi. Asiyeviona vitu hivyo wakati huo huviogopa ukubwani, na mbwa mwenye hofu ndiye mwepesi wa kuuma.

Mbwa wa kienyeji mara nyingi utampata bure au kwa pesa ya soda, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Wanasema wa kienyeji hahitaji chanjo, amezoea. Hajazoea parvo, wala distempa, wala kichaa. Wale unaowaona mtaani ni waliobaki, waliokufa huwaoni. Ratiba ni ileile kwa wote wawili: chanjo za parvo na distempa kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike miezi minne, kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, kisha kurudia kila mwaka au kama daktari atakavyoandika. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka wiki ya kumi na mbili, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila miezi mitatu. Kama unaona gharama hiyo ni kubwa kwa mbwa wa bure, basi mbwa si wa bure.

Jambo moja zaidi nililolipia karo. Ukifiwa na mbwa kwa parvo, usilete mtoto mwingine wiki inayofuata kujifariji. Kirusi chake hukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Sakafu unaweza kuiosha kwa Jiki, sehemu moja kwa thelathini ya maji, iloweke dakika kumi. Udongo wa uani huwezi kuuosha. Mimi nilikaa miaka miwili, kisha nikachukua mbwa mkubwa aliyekwisha chanjwa.

Sufuria ya mbwa

German Shepherd mzima hula nusu kilo hivi ya chakula kikavu cha mfuko kwa siku, tuseme kilo 12 hadi 15 kwa mwezi. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anashiba kwa nusu ya hiyo. Paka wa kilo nne anahitaji gramu 60 hivi, haimalizi kilo mbili kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya duka la dawa za mifugo lililo karibu nawe, kisha zidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka. German Shepherd huishi miaka 9 hadi 13. Mtoto wa shemeji mwenye miaka minne atakuwa anafanya mtihani wa kidato cha nne, na mbwa yuleyule bado anagonga bakuli.

Wengi wetu hatununui cha mfuko, tunapika. Ugali wa dona na dagaa, vichwa na miguu ya kuku, mboga kidogo. Mbwa anaishi vizuri kwa sufuria hiyo ikiwa protini ipo kweli, wala si ugali uliopitishiwa harufu ya dagaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa itoe kwanza usimpe, hata ya vichwa na miguu hiyo, huvunjika kama vioo. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Utumbo na maini mabichi ya machinjioni ndiyo njia ya mnyoo unaowapa watu uvimbe wa maji tumboni, ugonjwa unaofahamika sana Turkana na Umasaini, pika kwanza.

Lakini kosa kubwa, ambalo nimeliona hata kwa watu wenye magari mawili, ni mahindi yaliyooza. Gunia limeingiwa na maji, unga una ukungu, mama anasema tusiutupe, apikiwe mbwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa vibaya zaidi na sumukuvu. Ini linaharibika, macho na fizi vinakuwa vya njano, anatapika, anakufa, na nyumbani wanasema karogwa au katiliwa sumu na wezi. Ni kweli katiliwa sumu, ila na wenyewe. Unga usioufaa mdomo wako usiupeleke kwenye bakuli lake.

Paka, na pwani yetu

Ukiwa Lamu, Zanzibar, Tanga au Mombasa, ulinganisho huu mara nyingi unaisha kabla haujaanza. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na wako Waislamu wengi wanaomfuga mlinzi uani bila kumwingiza ndani. Paka ni tohara, anazunguka ndani na hakuna anayenyanyua mkeka. Hata kama wewe si Mwislamu, una majirani. Mbwa anayemrukia mtu aliyetoka kuchukua udhu anamharibia ratiba yake, na wewe anakuharibia ujirani. Mfunge wageni wanapokuja. Ni adabu tu.

Paka hatakulinda dhidi ya mwizi wa mtungi wa gesi. Atakulinda dhidi ya panya, ambao kwa nyumba nyingi ni hasara ya kila siku wakati mwizi ni wa mara moja. Nyumba inayobaki tupu kutwa anaiweza: anajilalia, hazunguki kwenye banda akijitafuna. Kwa mtu wa chumba kimoja na sebule cha kupanga, mwenye kazi ya zamu, ndiye jibu, na sijui kwa nini watu wanalizunguka.

Ila paka naye ana masharti, na mawili yanaua. La kwanza: Panadol. Kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumuua paka mzima, hata ukimpa kwa huruma kwa kuwa ana homa. La pili: dawa ya kupe ya mbwa. Nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, na baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe ambazo watu hununua kwa kipimo cha kizibo zina jamaa yake. Mbwa anavumilia, paka anaanza kutetemeka, kisha kifafa, kisha basi. Ukifuga wote wawili, ukimpaka mbwa dawa, watenge mpaka ikauke, na chupa iwekwe mbali.

Mjamzito nyumbani? Si lazima paka afukuzwe, kama mawifi wanavyoshauri. Vijidudu vya toksoplasma kwenye kinyesi chake vinahitaji siku moja hadi tano nje ndipo viweze kuambukiza. Choo chake kikisafishwa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari inapungua sana. Nyama isiyoiva na mchicha usiooshwa vinastahili hofu hiyohiyo.

Na paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano. Watu wanashangaa: "huyu bado mtoto!" Mtoto ana watoto wanne kwenye kabati la nguo.

Jike au dume

Kuna imani kwamba jike halilindi. Sijaiona kwa macho yangu. Jike hukaa nyumbani zaidi, na dume lisilohasiwa hufuata harufu mpaka mtaa wa tatu, linarudi na masikio yaliyochanika au halirudi. Tatizo la jike ni joto lake, kila miezi sita hivi, ambapo madume ya kata nzima hukesha getini kwako, na baada ya siku 63 una watoto saba na hakuna anayewataka. Hapo ndipo mbwa koko wanapotoka: vitoto ambavyo mtu alivifungasha kwenye kiroba akaenda kuvimwaga karibu na soko usiku.

Kufunga kizazi ni operesheni ya mara moja. Ya jike ni ghali kuliko ya dume kwa kuwa tumbo linafunguliwa. Ukipigia hesabu chakula cha watoto saba kwa wiki nane, dawa zao za minyoo na aibu ya kile kiroba, inarudisha pesa yake. Kwa Morogoro hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine inafahamika. Nairobi ipo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Kabete. Kwingine muulize daktari wa mifugo wa halmashauri, usimwite mtu mwenye wembe na majivu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kumkata mnyama bila ganzi ni ukatili hata sheria isingekuwepo.

Siku atakapouma mtu

Naliweka hapa kwa sababu wanaolinganisha mbwa hawaulizani habari hii, wakati ndiyo yenye kifo ndani yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Kabla hazijaanza, kinga ipo na inafanya kazi. Ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba waliusafisha kisiwani kwa kampeni za chanjo, ukarudi mwaka 2016, wakausafisha tena.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ukiona ni nyingi, weka simu uhesabu, maana dakika mbili za mtu aliyeshtuka anaziona kumi. Usipake mafuta ya taa, pilipili, tumbaku wala kahawa. Kisha hospitali siku hiyohiyo, na sindano zimalizwe zote hata kidonda kikipona. Mbwa asiuawe kwa hasira, akiwa mzima wa kuonekana na anayejulikana mwenyewe: afungiwe na kutazamwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na kichaa kwenye mate alipouma. Mwenye mbwa ndiye anayetoa kitabu cha chanjo, ndiye anayempeleka majeruhi, ndiye anayelipa. Asiyekuwa tayari kwa maneno hayo matatu achague paka, na paka naye achanjwe, maana kichaa kinampata pia.

Katika hili German Shepherd na mbwa wa kienyeji ni sawasawa kwa sindano na tofauti kwa jeraha. Taya la kilo 35 si taya la kilo 15. Watoto wote wawili wa shemeji niliwafundisha mambo machache siku nilipowatembelea: usimguse anapokula, usimguse amelala, usimkumbatie shingoni, na akikujia mbwa usiyemjua usikimbie, simama kama mgomba, mikono chini, macho pembeni. Yule wa miaka minne alisimama kama mgomba mpaka chakula cha jioni.

Njia ya nne

Kutofuga sasa ni uamuzi halali, na watu wanauonea haya. Kama ukuta una upenyo, pesa ya chanjo ya kwanza ingenunua tofali. Taa ya nje inayowaka yenyewe mtu akipita haihitaji dagaa. Bata bukini wawili wana kelele za kuamsha mtaa, na mwisho wa mwaka humwoni daktari wa mifugo akikudai. Natania, ila jirani yangu mmoja anao, na kwa miaka minne hajaguswa.

Nilimwambia shemeji hivyo: ukuta kwanza. Yule wa kwenye boksi alishauzwa, au hakukuwa na mtu mwingine tangu mwanzo. Mwezi wa sita tofali zikaisha upande wa nyuma. Mwezi wa nane fundi aliyejenga akamwambia mbwa wake wa kienyeji amezaa, njoo uchague. Akaenda na watoto, akamkuta mama mtu amelala chini ya toroli ya mchanga, amenona, anatingisha mkia bila kuinuka. Walikuwa watano. Mmoja alijificha nyuma ya mifuko ya saruji, mmoja akamrukia mtoto na kung'ata kamba ya kiatu. Akanipigia simu hapohapo. Nikamwambia asichukue mwenye hofu wala mwenye fujo. Achukue yule anayekuja, ananusa, anakaa. Na amwache mpaka wiki nane zitimie.

Walimchukua jike, rangi ya mchanga, masikio moja juu moja chini. Wanamwita Subira. Dada wa kazi, yule aliyeogopa, ndiye anayempikia, na sasa anamgombeza kama mwanawe. Wiki iliyopita shemeji alinitumia picha nyingine: kitabu cha chanjo kimefunguliwa mezani, kina stika tatu, na kidole chake kinaonyesha namba ya toleo.

"Shem, nimekagua. Ukuta umeisha, na stika zipo. Una swali jingine?"

Nilimuuliza kama mzee wa Tunduma ameshamzoea. Amejibu kwamba akirudi usiku Subira anambwekea yeye, dakika mbili nzima, mpaka azungumze.